Kuta Alizochora Mdogo Wangu

Ukuta wa kwanza ulikuwa wa kinyozi, karibu na soko la Malindi. Mdogo wangu alichora vichwa vinne vya wanaume, kila kimoja na mkato wake wa nywele, na chini yake akaandika KARIBU UNYOLEWE KWA RAHA. Alikuwa hajatimiza miaka ishirini. Kinyozi alifurahi hata akamkalisha kitini akamnyoa palepale, wapita njia wakitazama. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara na kikapu cha samaki mkononi, nimejaa fahari na hofu kwa pamoja, maana nilijua baba atapita hapo akienda kusali adhuhuri.

Baba alikuwa maalim. Alisomesha watoto Kurani barazani kwetu, na nyumba yetu haikuwa na picha hata moja. Kalenda za madukani alizikata sehemu ya juu, akabakisha tarehe. Mama alipofariki, mimi nina miaka kumi na mitatu na mdogo wangu tisa, hakuacha sura yake popote ila vichwani mwetu.

Baba alikuja, akasimama mbele ya ukuta ule. Akamuuliza kinyozi, "Nani kafanya haya?" ingawa alijua.

"Mwanao, Maalim. Ana mkono mwepesi, mashallah."

Baba akashika njia ya msikitini. Jioni, baada ya watoto wa chuo cha Kurani kuondoka, alimwita mdogo wangu akamkalisha mbele yake.

"Baba, ni vichwa tu," mdogo wangu akasema. "Havina hata miili."

"Aliyekiumba kichwa atakuuliza kichwa."

"Watu wanapenda."

"Najua wanapenda. Andika herufi, mwanangu. Herufi ni kazi nzuri. Waandikie watu majina ya maduka yao, nami nitakuombea dua."

Mdogo wangu alijaribu. Kwa kiasi cha mwaka mzima aliandika herufi tupu: duka la dawa, fundi wa saa, fundi wa baiskeli, muuza halua. Hapo ndipo alipoanza ule mtindo wake wa kuipa kila herufi kivuli cha buluu upande wa kushoto, hata neno likaonekana kama limesimama mbele ya ukuta badala ya kupakwa juu yake. Hakuna mwingine aliyefanya vile mjini. Ningeweza kupita mtaa nisioujua nikasema, huyu ni wetu.

Lakini herufi hazikumtosha. Hoteli za watalii zilikuwa zikiota kando ya bahari, moja baada ya nyingine, na kila moja ilitaka ukuta wenye samaki, twiga, na wanawake wanaocheza ngoma. Alipoanza kazi huko alihama nyumbani. Baba hakumfukuza. Alikoma tu kumuuliza atarudi lini, na kila ukuta mpya wenye sura ya kiumbe ulipotokea mjini, yeye alitafuta kichochoro kingine cha kupita. Mwisho ilimchukua robo saa zaidi kufika msikitini.

Miaka hiyo mimi nilipata kazi ya ualimu upande wa Mnarani, kabla hujavuka maji kuingia Kilifi. Hapakuwa na daraja. Ijumaa nikimaliza masomo niliteremka kwenye feri, nikavuka, kisha nikapanda basi la Malindi. Kungoja feri kulinifundisha kutazama. Ukikaa saa mbili juani huna la kufanya, unasoma kila kilichoandikwa: maneno nyuma ya malori ya mkaa, simba mwenye meno ya binadamu kwenye ukuta wa baa, mwanamke aliyechorwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, kikapu chake kikubwa kuliko kichwa. Nilijifunza kumjua mchoraji mwenye haraka na mchoraji mwenye njaa. Nilijua nani kapaka rangi ya mafuta na nani kachanganya na maji akitumai mvua itachelewa.

Likizo moja ya mwezi wa nane nilipelekwa Mombasa kwa mafunzo ya walimu ya wiki mbili. Kila alasiri, tukiachwa, nilitembea mitaani peke yangu. Mji ulikuwa umejaa kazi za mikono ya watu. Juu ya jumba la sinema palikuwa na mashujaa wa filamu wenye mashavu ya waridi, wamechorwa wakubwa kama nyumba. Kwenye bucha palikuwa na ng'ombe anayecheka, na kisu kando yake. Palikuwa pia na kuta zilizopakwa lami nyeusi kwa haraka, mahali ambapo mtu alikuwa ameandika neno kuhusu wakubwa wa nchi. Lami ilikuwa bado inameremeta. Watu walipita hapo wakitazama miguu yao, nami nikajikuta nafanya vilevile.

Siku ya tisa au ya kumi, katika mtaa wa nyuma wa gereji, niliona kivuli cha buluu.

Kilikuwa ukutani mwa mkahawa mdogo. CHAI, MAHAMRI, MBAAZI, na kando yake mwanamke anayebeba sinia. Herufi zilikuwa zake, sina shaka. Ila zilipanda juu kadiri zilivyokwenda, kama mtu anayeandika amelala ubavu, na mwanamke alikuwa na mkono mmoja tu. Wa pili ulianza begani ukaishia hewani.

Niliingia, nikamsalimu mpishi, mtu mzima mwenye taulo shingoni. Nikamuuliza, "Aliyechora hapo nje yuko wapi?"

"Yule kijana wa Malindi? Tulimtoa. Alikuwa akilala juu ya ngazi, brashi mkononi. Siku moja akaanguka nayo."

"Alikuwa mgonjwa?"

Mpishi alinitazama, akaona baibui langu na madaftari yangu, nadhani akaona na sura tunavyofanana. "Wewe ni nduguye?"

"Dadake."

"Basi keti, mwalimu." Akaniwekea kikombe cha chai ambacho sikukiagiza. "Yule anavuta unga, dada yangu. Si bangi. Ni ule wa kuchomwa kwenye karatasi ya fedha ya sigara. Mimi nina mpwa wangu, naujua usingizi ule."

Nilikuwa nimesikia habari za unga kama mtu anavyosikia habari za vita vya nchi nyingine. Ulikuwa jambo la wageni wa hotelini na vijana waliowazunguka. Nilikunywa ile chai yote ikiwa moto, nikaunguza ulimi, nikarudi bwenini bila kutazama ukuta wowote.

Nilimpata Malindi wiki iliyofuata, kwenye chumba alichopanga na wenzake nyuma ya karakana ya wachonga vinyago. Alikuwa amekonda, na alikuwa akijikuna shingo bila kukoma. Hakukana.

"Ulianza lini?"

"Sijui, dada. Mgeni mmoja alinipa tulipokuwa tukimaliza ukuta wa bwawa la hoteli. Alisema utanifanya nione rangi. Kweli nikaziona." Akacheka kidogo. "Sasa nikiukosa sizioni kabisa."

"Njoo ukae kwangu."

"Baba atasema nini?"

"Baba hatajua."

Alikuja Mnarani kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mwenye nyumba wangu, mama mmoja wa Kigiriama, alimtandikia jamvi ukumbini bila kuuliza mengi. Wiki ya kwanza sitaki kuieleza yote. Alitapika, aliharisha, alitetemeka huku jasho linamtoka, akaniita kwa jina la mama. Mwenye nyumba alimpikia uji akamshika kichwa nilipokuwa darasani. Wiki ya pili akaanza kula. Ya tatu akaomba brashi.

Mwenye mkahawa pale kwenye mteremko wa feri alikuwa na ukuta mrefu mtupu. Mdogo wangu akamchorea watu wanaongoja feri. Hakubuni mtu. Alimchora muuza korosho na kikapu chake, kondakta aliyekosa jino, yule mama mwenye nyumba wangu akifunga leso, na mimi nimekaa juu ya sanduku nikisahihisha insha. Watu walikuja kujitafuta. "Mimi huyu! Nitazameni!" kondakta alipiga kelele, na kila basi lilipofika aliwaburuta abiria waje wamuone. Kwa siku kumi hivi mdogo wangu alikuwa mtu maarufu wa mteremko ule. Jioni tulifuturu pamoja, naye akasema labda baada ya Idi atakwenda kumwangukia baba.

Siku ya nne baada ya Idi nilirudi kutoka shuleni nikakuta redio yangu haipo, wala yeye hayupo. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kizingitini analia. "Aliniaga vizuri," alisema. "Akanambia anaipeleka kutengenezwa. Nami najua haikuharibika, mwanangu, najua, lakini nikamwacha."

Baada ya hapo nilimfuata kwa kuta. Kila nilipokwenda Malindi nilizunguka mjini nikitafuta buluu, na nilichokiona kilinipa habari zake kuliko mtu yeyote. Mwanzoni zilikuwa kazi kamili, kisha nusu. Halafu kivuli kilikoma, zikabaki herufi peke yake. Siku moja muuza vitambaa, mzee wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa na duka pale tangu enzi za babu zake, aliniita kutoka mlangoni.

"Mwalimu, tafadhali. Tazama nduguyo alichonifanyia."

Kibao kilisema DUKA LA VITABAA.

"Watu wanacheka," akasema, bila hasira. "Watoto wa shule wanasimama wanasoma kwa sauti. Nilimwambia, kijana, umeacha herufi. Akaniambia, atarudi kesho. Wiki tatu sasa."

Nikamwomba ngazi na rangi. Nafasi haikuwapo, basi niliiweka M ndogo juu, katikati ya A na B, na alama ya kuonyesha inapoingia, kama ninavyosahihisha daftari la mwanafunzi. Mkono wangu haukuwa mzuri. Mzee alinishikia ngazi muda wote, na niliposhuka alinipa maji, akasema atamwombea. Nilitembea hadi nyumbani na rangi nyekundu vidoleni, na baba akaiona. Nadhani alijua. Mji ule haukuwa na siri za kumficha maalim.

Mdogo wangu alikufa mwezi wa pili, wakati wa joto kali.

Kusini mwa mji palikuwa na jengo la hoteli lisilokamilika. Aliyelianzisha alikuwa ameondoka nchini, akaacha kuta za mawe zilizopigwa lipu ndani, bila milango wala madirisha, katikati ya miti ya mivinje. Vijana wa unga walijikusanya humo. Asubuhi moja mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni kwenye ile mivinje aliingia kutafuta kivuli, akamkuta amelala ubavu chini ya ukuta, mikono katikati ya magoti, amekwisha kuwa baridi. Alitoka akaita watu. Mimi nilikuwa nyumbani siku hiyo kwa mapumziko ya muhula, ndiyo sababu nilifika mapema.

Nilimwona yeye kwanza. Kisha nikainua macho.

Alikuwa ametuchora sote. Alitumia makaa na mabaki ya rangi za makopo aliyoyabeba kutoka kazi zake, nyekundu ya mtu huyu, kijani ya mtu yule. Ukuta mzima, urefu wa chumba, mkono wake ukiwa imara kama zamani. Mimi nilikuwapo na shungi langu. Baba alikuwapo, amekaa barazani kwetu na msahafu juu ya kibao cha marufaa, kidole chake kikifuata mstari, na watoto wa chuo wamemzunguka. Na katikati alikuwa mama. Sura yake ilikuwa imenitoka kwa miaka. Nilikuwa nikijidanganya kwamba naikumbuka, lakini nilichokuwa nikikikumbuka ni nguo zake na sauti yake. Nilipoiona pale niliitambua mara moja, yule ndiye, na kucha zake zenye hina, na lile jicho la kushoto lililokuwa likifumba kidogo akicheka. Mtoto wa miaka tisa aliihifadhi, mimi mkubwa nikaipoteza.

Wanaume wa mtaani walikuja na jeneza. Baba alikuja nao, akitembea polepole na bakora yake. Mlangoni mmoja wao alimwambia kwa upole, "Maalim, kakuchora humo. Kakuchora vizuri, unasoma."

Baba aligeuza uso. Hakuingia. Alisimama nje juani, akawaambia wamtolee mwanawe, wakamtoa. Alimwosha mwenyewe kwa mikono yake, akamsalia, na kabla ya alasiri tulikuwa tumekwisha kumzika.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, aliniita.

"Zile picha bado ziko?"

"Ziko, baba."

"Kila saa zinapokuwapo, yeye anaulizwa huko aliko. Sitaki mwanangu aulizwe." Sauti yake ilikuwa ya kuomba, jambo ambalo sikulizoea. "Nenda ukazipake chokaa. Usimtume mtu mwingine."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu, nina mshahara wangu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, twende pamoja, utazame kwanza, kisha uamue. Lakini alikuwa mzee aliyefiwa, na mimi nilikuwa bado najiona ndiye niliyeacha redio mahali pa kuonekana. Nikachanganya chokaa kwenye debe, nikachukua brashi pana, nikaenda.

Yule mama wa kuni alikuwapo. Aliweka mzigo wake chini akanisaidia kubeba debe hadi ndani.

"Unazifuta?"

"Baba kaniambia."

Alimwonyesha mama pale ukutani kwa kidevu. "Huyu ni nani? Mimi humwamkua kila nikipita. Nilidhani ni mtu wa baraka."

"Mamangu."

"Aa," akasema. Akakaa chini, akanyoosha miguu, hakuondoka.

Nilianza na mama kwa sababu nilijua nikimwacha wa mwisho sitaweza. Chokaa ikiwa mbichi haifichi kitu, inakuwa kama maji ya mchele. Nilipaka, na bado alikuwa akinitazama kupitia ule weupe, nikafikiri Mungu amekataa. Nikapaka baba, nikapaka watoto, nikajipaka mimi. Halafu nikakaa karibu na yule mama wa kuni tukangoja. Jua lilipopanda, upepo ukaingia kwa madirisha yasiyo na fremu, chokaa ikaanza kukauka, na ilipokauka ndipo weupe ulipokuja. Walikwenda taratibu, mmoja mmoja. Mama alitangulia. Hina yake ndiyo iliyobaki muda mrefu zaidi, doa la kahawia hafifu, nikalazimika kuinuka nikapiga mkono wa pili.

Yule mama wa kuni alijitwika mzigo wake akasema, "Pole, mwanangu," kisha akaenda zake.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho, nikapewa shule ya Jilore, bara kidogo ya Malindi, ambako nyumba nyingi zilikuwa za udongo na hakuna aliyeandika kitu ukutani. Watu walinionea huruma kwa kuletwa porini. Sikuwaambia kwamba ndicho nilichokitaka. Kwenye mteremko wa feri, nilisikia, mwenye mkahawa aliuuza, na mmiliki mpya akapaka ukuta wote rangi za tangazo la soda.

Baba aliugua wakati wa mvua za masika za mwaka huo. Kifua kilimbana na akawa hawezi kulala chali. Niliomba ruhusa shuleni nikaja kumuuguza. Siku moja asubuhi, nikimlisha uji, aliushika mkono wangu wenye kijiko.

"Mle ndani," akasema, "alinivika kofia au kilemba?"

Ilinichukua muda kuelewa anauliza nini. "Kofia, baba. Ile ya vito, iliyotariziwa kwa mkono, uliyokuwa ukivaa Ijumaa."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Unasomesha. Kidole chako kiko kwenye mstari."

Alitikisa kichwa kidogo. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania zamu kisimani. "Wakaniambia na mamako alikuwapo."

"Alikuwapo. Anacheka."

"Jicho?"

"Lile la kushoto, baba. Limefumba kidogo."

Uji ukapoa kwenye bakuli. Machozi yalimshuka pembeni yakaingia ndevuni, hakuyafuta.

"Laiti ningalizitazama," akasema.

Kisha akaniomba nimgeuze upande wa pili, kwani mbavu zilikuwa zikimuuma.